Mlango wa Chumba cha Mama

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
9 Februari 2025

Mdogo wangu Abdulhamid,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, mkeo na wanangu ni wazima huko Dodoma, na kile kikohozi cha mdogo kimeshakatika. Huku sijambo, ila joto la mwezi huu halina adabu, na goti linanikumbusha umri wangu kila nikiinuka kwenye cherehani.

Utashangaa kupata barua ya kalamu kama tuko enzi za Baba. Nimechoka na simu. Kila nikipiga uko kikaoni, na nikilifikia neno lenyewe unasema, "Dada, nitakupigia." Barua haikatiki. Nimempa shemeji yake Severa anayerudi huko kwa treni, atakukabidhi mkononi.

Robert, yule mchora ramani wa mwekezaji, ameniletea mchoro wa ghorofa litakalosimama hapa nyumba ya wazee wetu ikishavunjwa. Kijana mpole, chai yangu aliinywa yote. Nimeelewa kwamba mwekezaji anajenga kwa fedha zake na kuchukua sehemu kubwa, nasi warithi tunapata fleti tatu: mbili zako na moja yangu, kama mirathi ilivyogawa. Hapo sina neno. Nyumba imechoka, bati linavuja, na mimi mwenyewe nataka choo cha ndani kabla sijafa.

Lakini nimeipekua karatasi ile na kuna mawili sikuyaona. Sikuwaona wapangaji wetu. Severa na mumewe Polycarp wako chumba cha mbele tangu walipokuja mjini kutoka Rombo, Mama angali hai. Kuna Kuruthumu, anayewapikia wali makuli wa sokoni. Kuna Nassibu, muuza mitumba wa Mchikichini. Hawa ndio waliokuwa wakiniletea uji goti lilipokataa kabisa, wewe ukiwa kikaoni. Naomba wapewe vyumba humohumo kwa kodi wanayoiweza, na iandikwe kwenye mkataba, isiwe ahadi ya mdomo.

La pili, sikuuona uani. Mbele kote ni fremu za maduka, nyuma kote ni stoo. Nikamuuliza Robert, mtu akifa mle ndani ataoshewa wapi, na watu wa msiba watakaa wapi? Akacheka kidogo, kisha akaona mimi sicheki.

Msimamizi wa mirathi ni wewe. Bila saini yako hakuna kitakachoguswa. Naomba unijibu.

Dada yako,
Tatu


Dodoma
16 Machi 2025

Dada yangu Tatu,

Shikamoo. Waalaykum salaam, na mfungo mwema kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mtoto amepona na anakusalimia. Pole na goti. Umeandika kwa kalamu, nami najibu kwa kalamu, ingawa mwandiko wangu sasa ni wa kusomwa na mfamasia peke yake.

Nimekuelewa, Dada. Lakini ardhi ya Kariakoo unaijua bei yake, na mwekezaji hajengi sadaka. Kila sehemu ya chini ikiachwa wazi ni stoo imepotea. Wapangaji ni watu wema, sikatai, lakini vyumba viko Chanika, viko Mbagala, tena kwa kodi nafuu. Mji ukikua watu husogea. Hata babu yetu alisogea kutoka Lindi.

Na huo uani, usinikasirikie nikikwambia kwamba wafu hawalipi kodi. Mimi nakaa ghorofa ya nne hapa na maisha yanaenda. Nina watoto watatu wa kusomesha, na zile fleti mbili ndizo akiba yangu ya uzee. Nikitoka kazini sina kingine.

Nategemea kusaini baada ya Idd kubwa. Tafadhali usiwatie watu matumaini.

Mdogo wako,
Abdulhamid


Kariakoo
25 Mei 2025

Mdogo wangu,

Salaam nyingi kwako na kwa wifi yangu. Mimi ni mzima wa mwili. Maneno yako ya wafu niliyasoma, nikasema hiyo ni njaa ya mfungo inaongea, nikakusamehe.

Matumaini sikuwatia mimi, wameyatafuta wenyewe. Tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, sisi wa nyumba hii na wapangaji wa nyumba nyingine zinazongoja kuvunjwa, tukajaa mpaka nje. Wengi waliishia kulalamika tu. Kuruthumu ndiye aliyesema likaeleweka: "Mwenyekiti, mnatuambia twende Chanika. Chungu changu nakibandika kabla ya alfajiri. Makuli wako hapa. Huko Chanika wali wangu atakula nani?" Mwenyekiti aliandika, akasema atalifikisha juu. Tumerudi mara mbili kuuliza limefika wapi.

Sasa kaa chini, Abdulhamid. Mzee Abdulrazak amefariki. Yule aliyekufundisha alifu, aliyekupakia kwenye baiskeli yake kukukimbiza hospitali ulipomwagikiwa na uji. Unajua na yeye aliingia ubia kama sisi, nyumba yake hapo jirani ikavunjwa, akapewa fleti ghorofa ya saba. Kila alasiri alikuwa akishuka kukaa barazani kwetu. Alikuwa akisema kule juu ana maji ya moto, ila hana wa kumsalimia.

Alikata roho Alhamisi mchana, umeme haupo na lifti imesimama. Jeneza likaletwa kutoka msikitini. Lilifika kona ya kwanza ya ngazi likakataa kupinda. Wakajaribu kulisimamisha, wakajaribu kulilaza ubavu, haikuwezekana. Basi wakamshusha kwenye kiti cha plastiki. Mkewe, Amira, alivua khanga yake ya juu wakamfunga nayo kifuani asianguke. Ghorofa zote zile, na kila ngazi kichwa chake kinainama kama anayeitikia salamu za watu.

Nilikuwa nimesimama chini. Nililia kuliko nilivyomlilia Baba.

Bafu la kwake lisingetosha waoshaji, kwa hiyo tukampokea uani kwetu. Polycarp, Mkristo yule, ndiye aliyekoka moto wa kuchemshia maji, na Severa akagawa uji kwa wafiwa. Watu walikaa ukumbini na barazani mpaka maiti ilipotoka kwenda makaburini Kisutu. Kila mtu aliuliza kama umeshaambiwa.

Dada yako,
Tatu


Kariakoo
20 Julai 2025

Mdogo wangu Abdulhamid,

Salaam. Sijui ni mzima au unaumwa, maana Idd imepita na jibu sijaliona. Robert anasema hata saini hujaweka. Sijui ni huruma au ni vikao.

Kuruthumu ameondoka. Alisikia nyumba inavunjwa karibuni, akaona bora awahi chumba Chanika. Siku mbili tatu aliendelea kuja na chungu chake, halafu nauli ikamshinda. Simu yake sasa haipatikani. Makuli wanakuja asubuhi, wanasimama pale alipokuwa akipikia, wanaondoka.

Nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu. Robert alirudi na mchoro mpya, ngazi zake ni zilezile za ghorofa la marehemu. Nikamwambia hazipitishi jeneza. Akanionyesha vipimo, akasema zinapitisha. Mimi vipimo sivijui. Nikamwomba imamu atuazime jeneza tujaribu, akakataa, na ana haki, jeneza si la kuchezea. Basi Polycarp akang'oa mlango wa chumba cha Mama. Tukaenda nao kwa Amira, wakausimamisha wakapanda nao, na kule juu mimi nikalala juu yake.

Usicheke. Robert na Nassibu walishika mbele, Polycarp na mlinzi wa hapo wakashika nyuma. Kufika kwenye kona, mlango ukakwama, vidole vya Robert vikabanwa ukutani. Wakarudi nyuma, wakaja tena, ukakwama tena. Mimi nimefumba macho, namsikia Robert anavyohema. Akasema taratibu, "Bi Tatu, itabidi tukukalishe."

"Nikalisheni," nikamwambia, "kama mlivyomkalisha Mzee."

Wakanikalisha. Nilipofumbua macho Robert alikuwa amekaa kwenye ngazi, vidole mdomoni, haniangalii. Hakumaliza chai siku hiyo.

Sipingi maendeleo, Abdulhamid. Nataka ghorofa. Nataka tu mtu wa kawaida aweze kuishi ndani yake, na akifa atoke amelala.

Dada yako,
Tatu


Dodoma
17 Agosti 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Pole na Kuruthumu, wali wake naukumbuka.

Kuna mtu wa ghorofa lile aliwarekodi. Video ilinifikia kabla ya barua yako. Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyenionyesha, anacheka, hajui kwamba maiti yule ni dada yangu. Nilipandwa na hasira mno. Nilikuandikia barua ya kukugombeza, nikaichana.

Baadaye niliiangalia peke yangu. Pale walipokuinua, kichwa chako kikalalia bega. Umekuwa Mama mtupu. Nikazima simu.

Barua yako ya Mzee sikuijibu. Treni ipo, na ruhusa ningepewa. Sikuja hata kuhani msiba.

Sasa sikiliza. Robert mwenyewe alikwenda kuzungumza na mwekezaji, na amenipigia. Mwekezaji amekubali kupanua ngazi, kuacha uani nyuma, na kujenga safu ya vyumba hapo uani kwa ajili ya wapangaji wetu, kodi yao ikiandikwa kwenye mkataba isipande ovyo. Lakini hasara hiyo haibebi yeye. Inatoka kwenye fungu letu. Badala ya fleti tatu tutapata mbili.

Watoto unawajua. Nimekaa na karatasi hii mbele yangu na kalamu haiendi. Niambie wewe.

Mdogo wako,
Abdulhamid


Kariakoo
7 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama haueleweki. Wape wanangu salaam zangu, na wifi mwambie vitambaa vyake vya makochi vimekaribia kwisha.

Hili halina mashauri marefu. Itoe fleti yangu. Mimi sina mtoto wa kumwachia, na ghorofa ya sita waliyonipangia na goti hili havipatani. Nitachukua chumba kimoja hapo uani pamoja na kina Severa, na kodi nitalipa kama wao. Cherehani yangu inalipa. Nitakuwa mpangaji kwenye kiwanja cha baba yangu, na sioni aibu, maana wapangaji wa nyumba hii nimewaona walivyo.

Zako ziache, ni za watoto. Sheria imekupa mafungu mawili, na mimi sikuwahi kulihoji hilo wala leo silihoji. Nisingependa wanangu wakue wakisikia shangazi aliwapunguzia.

Nimewaambia Severa na Polycarp. Severa aliinuka akaenda kufua nguo ambazo alishazifua jana yake.

Saini, baba. Usichelewe, mvua za vuli zikija bati hili halitavumilia.

Dada yako,
Tatu


Kariakoo, nyumbani
12 Oktoba 2025

Dada yangu Tatu,

Shikamoo. Barua hii nimeiweka chini ya kitambaa kwenye cherehani yako, nimemwomba Severa asiiguse. Nimekuja kusaini, nikakuta umekwenda Chanika kumtafuta Kuruthumu, na treni yangu ni ya jioni. Nimepiga simu hupokei. Safari hii aliye kikaoni ni wewe.

Nimesaini. Uani umo, ngazi zimo, vyumba vimo na majina ya wapangaji, na kodi yake imeandikwa. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi. Cha Kuruthumu kimeandikwa jina lake, ukimpata mwambie. Usipompata leo, tutaendelea kumtafuta.

Fungu lako sikuligusa. Fleti iliyotoka ni yangu. Yako nimeomba ishushwe ghorofa ya kwanza, wamekubali. Usinigombeze. Sheria ilinipa mimi mawili na wewe moja kwa sababu mwanamume ndiye mwenye wajibu wa kumtunza dada yake. Mawili niliyachukua haraka, wajibu nikausahau. Watoto nitawaambia mwenyewe, na naamini watanielewa kuliko wangenielewa siku wakikukuta unalipa kodi.

Nilikwenda kwa Bi Amira kutoa mkono wa pole niliouchelewesha. Nikapanda ngazi zile kwa miguu. Pale kwenye kona rangi ya ukuta imechubuka mlipobanwa, na kwa juu kidogo kuna mchubuko mwingine wa zamani. Sikuuliza ni wa nini. Nilikaa hapo mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Polycarp ameurudisha mlango wa Mama mahali pake, ila bawaba moja imelegea. Robert ameahidi kwamba nyumba ikivunjwa mlango huo hautupwi, utafungwa kwenye chumba kimojawapo cha uani. Mfuatilie.

Sasa na mimi nina ombi. Ghorofa letu kule Dodoma ngazi zake nimeanza kuzitazama, na kona zake ni finyu. Siku yangu ikifika, usikubali wanikalishe. Nileteni hapa uani.

Mdogo wako,
Abdulhamid