Santuri Ndogo ya Mama

Jumamosi, 8 Machi

Nimepangusa santuri nne kabla ya chai. Kitambaa laini, maji, tone la sabuni ya vyombo. Unafuata mifereji kwa mzunguko, hukatizi. Vumbi la Voi halina haya. Ukiacha kitu wazi dakika mbili, limekikalia.

Gramafoni ya Baba ilirudi jana kutoka kwa fundi wa redio. Mkanda wa zamani ulikuwa umelegea kama chingamu iliyotafunwa. Mpya umetoka Mombasa baada ya wiki tatu, na sindano mpya juu yake. Fundi ameniambia nisiguse kile kiswichi kilicho kando ya sahani. Kimeshika kutu, kikivunjika hana kingine. Sigusi. Hata maandishi yake yamefutika.

Santuri kubwa za rumba zimeimba vizuri. Mguu mmoja wa meza ni mfupi, nimeutilia karatasi iliyokunjwa, na sindano haitelezi tena. Nimefurahi kama mtoto. Karani wa shule, miaka hamsini na miwili, nacheza peke yangu na kitambaa mkononi.

Imebaki ile ndogo. Sijaiweka.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kanisani, nimeketi nayo mapajani. Karatasi ya katikati imebanduka nusu. Kuna mwandiko wa Baba kwa penseli: upande wa pili, Mghoi anaanza peke yake.

Mghoi ni Mama. Alifariki nikiwa na miaka miwili. Nina picha yake moja, na amegeuza uso. Sauti yake sijui. Baba aliificha santuri hii chini ya kitanda kule Mwanda maisha yangu yote. Hakuipiga, wala hakumtaja Mama. Tulimzika Baba mwaka jana, na nilipogawiwa vitu vyake nikaomba gramafoni. Ndugu zangu wa kambo walicheka.

Ni hii tu. Ikikwaruzika, basi. Naogopa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeipiga.

Kwanza mchakacho, kama mvua nyepesi juu ya bati. Halafu sauti moja. Nzito. Ya chini kabisa, na ya polepole, inavuta kila neno la Kidawida, lugha yetu, mpaka maana inapotea; unadhani limekwisha, kumbe bado. Kisha wengine wanaitikia, wanaume tu, wanatoka kama chini ya ardhi.

Nimelia mpaka nikaona aibu.

Sababu ni hii. Mimi ni mwanamke mwenye sauti nzito. Shuleni mwalimu wa kwaya aliniambia nifungue tu mdomo, nisitoe kitu. Kwenye simu watu wananiita mzee. Kwa kina Baba hakuna mwenye sauti hii, na kila mtu alijiuliza nimeitoa wapi. Leo nimejua. Nimeitoa kwake.

Jumanne, 18 Machi

Jirani ameniuliza kama nina msiba. Anasikia mtu akiomboleza kila jioni. Nikamwambia ni mamangu. Akaniambia pole sana, akaenda zake. Sikumweleza zaidi. Acha afikirie atakavyo.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani. Nimeipiga asubuhi nzima. Najua kila mara sindano inakula kidogo. Fundi alinionya. Najiambia ya mwisho, halafu nainua mkono wa gramafoni na kuurudisha mwanzo.

Namwambia mambo yangu. Mkuu wa shule, magoti, binti yangu wa Nairobi asiyepiga simu. Naongea pale anapopumua, kati ya ubeti na ubeti. Pumzi zake ni ndefu. Anangoja nimalize. Najua si kweli, nimeandika tu.

Jumatano, 26 Machi

Nimemsikia Mama ofisini. Mashine ya kutoa nakala ilikuwa inamaliza kazi, ikapunguza mwendo, ikatoa ile noti yake ya mwanzo. Nikajibu, “Abee.” Mwalimu wa zamu akanitazama. Nikajifanya naongea na simu.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imeanza. Nilikuwa nasuuza nguo uani, stima imepotea tangu saa nne. Akaimba. Mstari mzima, ndani ya nyumba, na gramafoni haina hata waya kwenye ukuta.

Nimesimama na shuka mkononi mpaka ikalowa upya. Sikuingia ndani mpaka jirani aliporudi kutoka sokoni.

Wimbo wake si wa kubembeleza. Nilikuwa nimeamua ni wa kubembeleza, lakini sivyo. Ni wa mtu aliyechoka anayetaka kitu kutoka kwangu. Sijui anataka nini. Na bado nisipoipiga siku moja naumwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimempigia mama mdogo Wakesho, mdogo wake Mama. Yuko Mwanda. Alikuwa kwenye kwaya ile ile ya santuri, msichana wa miaka kumi na sita. Nilimwomba aje asikie. Alikataa. Akasema tangu wamzike dada yake hajaimba hata kanisani, anashika tu kitabu. Nikamwambia Mama ananiita.

Kisha akasema, “Wazee wetu waliweka mafuvu ya watu wao kule mapangoni, chini ya jabali. Ukiwa na shida unaenda, unaongea nao, unarudi kwako. Hakuna aliyeleta fuvu sebuleni. Wewe, Mkawasi, umelileta.”

Nikakasirika. Nikamwambia ni rahisi kusema hivyo kwa mtu aliyemjua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama mdogo amekuja. Alhamisi ana kliniki ya presha hapa Voi, nikajua atapita kula. Amekula, ameosha mikono, amekaa kitini na mkoba mapajani kama mtu anayengoja gari. Kisha akasema niweke.

Niliweka upande wa pili. Mchakacho. Ile sauti.

Nilikuwa namtazama yeye. Nilitaka kuona uso wake ukimtambua. Haukumtambua. Ulikunjamana.

“Zima hiyo,” akasema. “Huyo si dada yangu. Ni mwanaume anazikwa akiwa hai.”

Nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Kwamba alimwacha Mama kaburini, kwamba yeye na Baba walikula njama ya kumfuta, na sasa hata sauti ananinyima. Wale wanaume walikuwa wanaitikia wakati huo. Akaelekeza kidole.

“Kwaya yetu ilikuwa ya wanawake tu. Hao wanaume wametoka wapi?”

Nikatega sikio.

Aliinuka akaja mpaka kwenye meza, akapapasa kando ya sahani. Nilimwambia asiguse, kitavunjika. Akasema ndiye aliyekuwa akimwekea Baba santuri, siku za harusi, kabla mimi sijazaliwa. Kubwa hutembea, akasema, hizi ndogo hukimbia. Akatema mate kidogo kwenye kidole, akasugua kutu, akasukuma kiswichi cha mwendo. Kikalia tak.

Akarudisha sindano mwanzo.

Msichana. Sauti nyembamba ya juu, ya haraka, inakaribia kucheka. Inaanza kabla ya wakati wake, inajigundua, inangoja nusu pumzi, inaendelea. Kisha wasichana wenzake wanamrukia wote pamoja. Wimbo wa mavuno. Umekwisha kabla sijajua nimeusikia.

Mama mdogo alikuwa amefunika uso kwa leso. “Huyo sasa,” akasema. “Huyo sasa ndiye.”

Ijumaa, 11 Aprili

Namchukia. Simchukii. Sijui namchukia nani.

Mwezi mzima nimelea mtu asiyekuwapo. Kiswichi kilichoshika kutu, na mimi mtiifu kwa fundi. Nilimpa mambo yangu yote. Huyu mwingine, msichana huyu, hana hata uzi mmoja wa sauti yangu. Ningempita stendi nisigeuke.

Sauti yangu basi imetoka wapi? Haijatoka popote. Ni yangu tu. Hiyo ndiyo inayouma.

Jumapili, 13 Aprili

Nimerudisha kiswichi pale pa zamani. Nilitaka kumsikia yule mzito mara moja, kumuaga. Nimesikia santuri inayokwenda polepole. Sauti za wanawake zilizovutwa, basi. Hakuna mtu ndani yake.

Nyumba iko kimya kweli kweli. Sikujua kimya kinaweza kutisha kuliko yeye.

Ijumaa, 18 Aprili

Mama mdogo amepiga simu mwenyewe. Ameniuliza kama bado inakimbia. Nikasema sijaiweka. Akaniambia Mama alikuwa na miaka ishirini na miwili siku ile ya kurekodi. Walisimama tangu asubuhi kwenye chumba chenye joto, na mtu wa mitambo alimgombeza mara mbili kwa kuwahi kuanza. Alikuwa na mimba yangu, anaficha. Ndiyo maana pumzi zilikuwa fupi.

Kisha, kwenye simu, bila kuniambia, akaimba sehemu yake ya kuitikia. Ubeti mmoja. Amekwama katikati, akasema atamalizia siku nyingine.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua dirisha, nimepiga santuri mara moja tu, kwa mwendo wake.

Amewahi. Amejigundua. Nimesikia pumzi ile fupi, na mle ndani nilikuwamo mimi, nimejibana.

Nilidhani nitamwita Mama. Mdomo ulikataa. Ni mdogo kuliko binti yangu, amesimama mbele ya watu, amegombezwa, anaogopa kukosea tena, na hajui amebakiza miaka mitatu ya kuishi.

Nikamwambia, kwa sauti yangu hii hii nzito, “Pole, mwanangu. Umeimba vizuri.”

Nikainua sindano, nikaifunika gramafoni.