Jiwe Lililozidi Kutanuka

Munyaka, Eldoret

Mama Barasa mpenzi,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mlima hulemea kutoka juu tu. Hata mwana wetu Barasa anadhani hivyo, na likizo yake hapo nyumbani inakwisha wiki hii, arudi kuchimba nasi. Ndiyo maana naandika, na barua naituma kwa matatu ikufikie leo. Kwa simu angecheka akakata. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi imenikaa mgongoni.

Unajua kule Kaptagat tunachimba ukumbi wa mitambo ya umeme wa maji, ndani kabisa ya mwamba. Kazi yangu ni kupima mwamba unabanwa zaidi kutoka upande gani. Tunatoboa tundu, tunabandika kipimo ndani, kisha tunalikata jiwe kulizunguka mpaka litoke kama gogo fupi. Likiachiliwa, hutanuka kidogo sana, na zaidi kuelekea upande ule lilikobanwa sana. Ukumbi unapaswa kulala kuelekea upande huo. Ukumbi ukiukatiza msukumo huo, kuta zake ndefu hupasuka.

Jumatatu asubuhi niliweka jiwe kwenye meza yetu humo handakini. Nilipotoka kula, lilikuwa linatanuka. Niliporudi, bado linatanuka. Hakuna kilicholigusa, na sindano ya kipimo inasogea.

“Mzee, hilo jiwe linapumua?” akauliza Chebet, fundi wa kutoboa.

“Halipumui. Linajinyoosha.”

“Sasa hiyo ndiyo afadhali?”

Ndipo tukasikia mwamba ukialika ukutani: ta. Kimya kirefu. Ta.

Msimamizi wetu amechora ukumbi kama mtu anayejenga duka, mlango utazame barabara. Yaani anaukatiza msukumo wote. Nikamwonyesha vipimo.

“Mzee, mwamba huu umelala miaka yote,” akasema. “Wewe ndiye hulali.”

Nimekataa kutia sahihi, lakini sahihi yangu haizuii baruti. Wanalipua Alhamisi, na Barasa yuko zamu ya kwanza.

Jana niliingia tena na taa. Sakafuni, chini ya ukuta, kulikuwa na vipande vyembamba vya mwamba, vimejibambua kama maganda ya kitunguu. Hapo hapajachimbwa tangu Ijumaa. Nilipoinama kuokota kimoja, kingine kilidondoka karibu na mkono wangu.

Nisalimie kaka yangu Wafula anayesaga unga posho mill, na shangazi Nekesa mkunga. Waambie nawakumbuka.

Barasa atakukasirikia, na mimi nitabeba hasira hiyo pamoja nawe. Leo, kabla hajaanza kufunga mzigo, chukua buti zake za kazi uzifungie stoo, na ufunguo ukae nao wewe.

Mumeo,
Baba Barasa