Kompresa ya Shemeji Chacha

Mpendwa Mama Wambura,

Uniwie radhi kukusumbua hapo ulipopumzika. Nimevumilia tangu Jumatatu, na malalamiko juu ya ndugu yako siwezi kuyapeleka kwa mwingine.

Watoto wanataka niliuze gari letu la zamani. Nimekataa, maana nina ahadi juu yake: kulitia kiyoyozi. Unakumbuka barabara ya Kerende, malori ya mgodini mbele yetu, nawe umejifunga khanga puani? "Ukifungua dirisha tunakula vumbi, ukifunga tunaiva. Mwalimu, chagua wewe." Nami kila mwaka nikajibu, "Likizo ijayo."

Sasa dada yako Ghati anaumwa kifua, na Jumapili natakiwa kumpeleka Nyambureti kwenye ibada ya kukukumbuka. Nikaona ahadi isingoje tena.

Fundi Masanja, aliyekuja Nyangoto kuchimba dhahabu akaishia kuchimbua injini za watu, alinishauri vizuri: kompresa ndogo ya kisasa, nyepesi, maana pampu hiyo ya kiyoyozi huzungushwa na injini. "Mzee, injini hii ni rika lako. Usiitwishe gunia la kijana." Nilikwisha kukubali. Ndipo shemeji Chacha akafika kutoka Sirari, amepakata kompresa ya lori kama ndama. "Shemeji, ndogo ya nini? Dume huchaguliwa kwa nundu!"

Zawadi ya ukweni hairudishwi. Ndivyo nilivyolelewa, na wamisionari nao walitufundisha kushukuru kwa kila jambo. Nikashukuru. Masanja akanitazama kwa huruma, akaanza kuchomelea vyuma vya kuibeba.

Jana tulilijaribu gari. Baridi ilikuja, sikatai, magoti yaliniganda. Lakini kwenye mlima wa kwanza gari likahema, mshale wa joto ukapanda, mkanda ukapiga kelele, na punda wawili wenye magunia wakatupita. Chacha akashuka kusukuma. "Itazoea tu, shemeji!" Chuma kizoee nini, mke wangu? Kizoee nini?

Samahani. Nimepaza sauti.

Kwa kweli hasira hii si ya Chacha. Nilijua kompresa ipi inafaa, nikanyamaza kwa adabu. Na wewe nilikufanyia hivyo hivyo. Gari halikupata hata wiki moja ya kukaa kwa fundi, kwa kuwa kila aliyeliomba kwa harusi au msiba nilimpa, nawe ukabaki na khanga yako puani. "Hapana yako uliiacha wapi, Mwalimu?" uliniuliza. Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Leo asubuhi Masanja aliifungua ile kubwa, nami nikaenda nayo kwa Chacha, nikamwamkia vizuri, nikaishusha kompresa yake mlangoni. Nikasema hapana. Alinuna, kisha akaniletea uji. Masanja anaifunga ile ndogo sasa hivi.

Jumapili Ghati atakaa kwenye kiti chako, madirisha yamefungwa, hata nyuma ya malori. Nakuahidi hilo, na ninakuomba msamaha kwamba si wewe utakayekaa hapo.

Pumzika, mke wangu. Hapana yangu nimeipata.

Mumeo,
Mwalimu