Kasha la Chini ya Meza

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko machimboni, wewe na shemeji. Natumai kifua kimetulia na usiku unalala. Sisi huku wazima. Mama analalamikia magoti, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Nakuandikia nikiwa na hasira nilizoshindwa kuzimeza. Ile kamati ya mtaa uliyokuwa ukiicheka kwamba ni ya kupiga soga, sasa imeungana na mitaa yote ya upande wetu wa reli. Hata baadhi ya watu wa upande wa pili wamo, maana nao wamechoka kuona kiwanda kikiajiri kwa kuangalia rangi ya ngozi na jina la mtaa. Mwenyekiti ni jirani yetu mshonaji, na unajua yule mama hamwogopi mtu.

Waliandika kimyakimya barua za kuomba kazi, mbili mbili. Ujuzi uleule, vyeti vilevile, tofauti ni picha na anwani tu. Kati ya weupe ishirini wa upande wa pili, kumi na saba waliitwa. Kati ya ishirini wa kwetu hakuitwa hata mmoja. Hata mmoja, kaka!

Alhamisi wakaja kiwandani na majibu hayo. Meneja akatabasamu, akasema huenda barua za kwetu zilipotea njiani. Mshonaji akamwuliza tangu lini posta ikajua kuchagua rangi. Watu wakacheka. Mimi ghadhabu ilinipanda, kwa sababu nilijua zilipo. Zilikuwa kwenye kasha chini ya meza ya masjala, na meza hiyo ni yangu. Siku yangu ya kwanza kazini meneja aliniambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba barua za upande ule, yaani wa kwetu, zisimfikie. Nikaitikia ndiyo, bwana.

Kazi yenyewe niliipata kwa anwani ya mwalimu wangu wa taipu anayekaa upande wa pili, na weupe huu niliorithi kwa bibi ukamaliza mengine. Niliogopa kujulikana kwetu ni wapi. Barua zako tatu za kuomba kazi ya kuchomelea nilizitambua kwa mwandiko kabla sijafungua bahasha. Nikazitia kashani, zote tatu, kisha jioni nikaketi nawe nikikupa pole. Ukasema labda mikono yako haifai. Nikakuacha uamini hivyo, ukaenda kupasua mawe. Meneja hakukukataa, kaka. Nilikukataa mimi.

Alhamisi hiyo nilinyanyuka, nikalileta kasha, nikalimwaga mbele ya wote. Nimefukuzwa. Kamati imeshinikiza barua zote zisomwe Jumatatu mbele yao, na zako zimo. Njoo.

Mama sijamwambia. Nilitaka usikie kwangu kwanza, kisha uamue wewe kama bado nina nafasi ya kula sahani moja nanyi.

Msalimie shemeji. Nitukane kwanza, ndipo unijibu.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni.