Nchi Zote Isipokuwa Nyumbani

Laeken, Bruxelles
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi. Mgongo unaendeleaje? Na sukari, bado unaipima? Bahati anasema unakula vizuri na unalala vizuri, lakini mdogo wangu siku hizi anasema mambo mengi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechoka, na umechoka kwa hasira, nisikufiche.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu hupokei. Barua hii anakuletea mke wa mchungaji wetu, anayekuja Uvira kuona wazazi wake. Nimemwomba aiweke mkononi mwako mwenyewe. Wewe ni mwalimu, ndiwe uliyenifundisha kusoma kabla sijaingia darasani. Isome basi hadi mwisho kabla ya kushika ile kalamu nyekundu.

Tuanze na ile picha. Ndiyo, ni mimi. Nimevaa sari ya manjano, nina maua shingoni, nyuma yangu kuna hekalu la Wahindi, na ninacheka hadi jino la nyuma linaonekana. Mwenzetu mmoja wa safari aliiweka mtandaoni bila kuniuliza, na kabla sijarudi Ulaya Uvira nzima ilikuwa imeshaiona. Bahati alinipigia nikiwa bado uwanja wa ndege.

«Dada, njia ya kwenda Inde ulipata, ya kuya kwetu ndiyo inakosa? Deux ans, miaka mbili tangu Papa alikufa, Mama iko anavaa tu nyeusi! Anasema mwenye atamuvua ni wee, mutoto wa kwanza. Alors wee uko unacheka mbele ya sanamu na maua mu shingo!»

Nikasema, mpe Mama simu nimweleze. Nikakusikia kwa mbali: «Umuambie niko nalala.»

Mama, mtu aliyelala hasemi kwamba amelala.

Sasa nieleze hapa, kwa kuwa karatasi haiwezi kunikatia. Kitabu changu cha safari si pasipoti. Ni hati wanayopewa wakimbizi. Ndani kuna mstari mmoja unaosema kwamba inakubalika katika nchi zote isipokuwa Kongo. Soma tena hapo. Nchi zote. Naweza kwenda Inde, naweza kwenda Japani, naweza kwenda mahali ambapo watu wanajenga nyumba kwa barafu. Uvira siwezi. Siku nikikanyaga Uvira, hapa wataniambia, kumbe hofu yako imekwisha, basi baki huko huko. Na kilichonikimbiza unakijua vizuri, maana wewe ndiwe uliyenifungia mzigo kwa kitenge chako. Uraia wa hapa nimeomba. Wanasema subiri, nasubiri.

Nimewaeleza haya mara ngapi? Kila mara mnaitika ndiyo, ndiyo, tumeelewa, kisha pumzi inayofuata mnauliza, sasa unakuja lini? Hilo swali linanichosha kuliko kazi yenyewe. Mnaniuliza kana kwamba ninakawia kuvaa viatu.

Na Inde sikwenda kutembea. Yule mzee ninayemtunza kule Ganshoren, Madame Godelieve, miguu haimchukui tena. Parokia yake ina padri Mhindi, maana siku hizi Ubelgiji inaletewa mapadri kutoka Inde na kutoka kwetu, wenyewe hawaitaki tena kazi hiyo. Padri Anthoni akapanga kuwapeleka waumini wake waone kwao. Madame akasema ataenda hata kama ni kwenda kufia huko, na atakayesukuma kiti chake ni mimi. Sikuulizwa kama nataka. Niliulizwa kama hati yangu ina ukurasa mtupu wa kupigia viza.

Kwao Padri ni Dantewada, wilaya ya makabila ya zamani yaliyokuwepo kabla ya wafalme wote wa Inde. Ni mbali, kwa ndege kisha kwa basi saa nyingi. Tulipoingia kwenye barabara ya vumbi jekundu, milima pande zote, wanawake wanarudi sokoni na vikapu kichwani, moshi wa kuni umelala juu ya mashamba, nilishika kile kiti kwa nguvu hadi Madame akaniuliza kama ninaumwa. Ilikuwa Fizi, Mama. Ilikuwa barabara ya kwa babu, hata kona zake. Wengine kwenye basi wanasema ni pazuri, oh, c'est beau, c'est beau. Mimi nilikasirika. Milima isiyonihusu nimegongewa mhuri niione, na ile inayofanana nayo, yenye kaburi la baba yangu, nimekatazwa. Nililia kidogo, nikamwambia Madame ni vumbi.

Hekaluni, mwanamume haruhusiwi kuingia na suruali. Wanampa shuka nyeupe anajifunga kiunoni. Kuna Monsieur Luc, alikuwa bwana kodi, mtu wa tai kila siku. Ungemwona anaishika shuka kwa mikono miwili isimwanguke mbele ya mungu wa watu, na ile miguu ambayo haijawahi kuona jua! Bahati akiuliza, mwambie sikupiga magoti mahali popote. Kiti cha Madame hakipandi ngazi, kwa hiyo mimi na yeye tulibaki uani. Maua tulivishwa wote, ndiyo karibu yao. Na sari alinivalisha shangazi yake Padri, dada wa baba yake, kwa sababu aliangalia suruali yangu ya kazini akaona ni aibu. Alinizungusha, akanivuta, akanipiga kofi begani nisimame wima, huku ananigombeza kwa lugha nisiyoielewa hata neno moja. Alinigombeza kama wewe unavyonigombeza. Ndicho nilichokuwa nacheka kwenye picha, na hakuna kingine.

Walitupeleka pia kwa mafundi wa shaba. Wanafinyanga udongo, wanauviringishia nyuzi za nta ya nyuki, wanafunika kwa udongo mwingine, kisha motoni. Nta inayeyuka inatoka, shaba inamiminwa mahali ilipokuwa nta. Wanatoa tembo, wanatoa ng'ombe, wanatoa mwanamke mwenye mtungi. Nimekununulia kengele ndogo, iko ndani ya mfuko huu. Nikamuuliza fundi, Padri akitafsiri, kama shaba inatoka kwenye milima ile. Akasema hapana, milima ile ni chuma, na chuma kinaondoka kwa treni mchana kutwa, yeye ananunua sufuria zilizotoboka. Ukiangalia nyumba zao na ukikumbuka watu wanavyokaa kando ya dhahabu kule Misisi, huna haja ya kutafsiriwa.

Sasa lililonifanya nikuandikie.

Juu ya mlima mmoja kuna mahali pa ukoo wa kina Padri. Yeye ni padri, lakini shangazi yake ni mtu wa mlima, na kila mwaka hupeleka huko mchele, nazi na kuku kwa ajili ya wazee wao. Siku hizi wachimbaji wa chuma wameuzungushia mlima uzio na kuweka geti. Padri alituombea vibali vya wageni ili tupande na shangazi tukaone. Tukafika, shangazi akiwa na kapu lake na kuku. Mlinzi, kijana aliyetoka jimbo jingine kabisa, akasoma majina yetu. Monsieur Luc, pita. Madame, pita. Mimi, muntu wa Uvira mwenye hati ya mkimbizi, pita. Shangazi, hapana. Wenyeji wana siku yao, na siku yao si leo.

Padri akabembeleza, akapiga simu, akapandisha sauti. Hapana. Nikachukua kibali changu nikamwekea shangazi mkononi. Mlinzi akasoma jina, akacheka. Hapo damu ikanipanda kichwani, Mama, nikampigia kelele kwa Kiswahili cha kwetu kama tuko soko la Mulongwe:

«Weye! Huyu iko kwao! Mi niko muntu ya mbali, sina hata kaburi huku. Donc mugeni unamufungulia, mwenye nyumba unamufungia?»

Kuku peke yake ndiye aliyenijibu. Madame akageuka kwenye kiti akaniambia polepole kwa Kifaransa, «Zawadi, unagombana na nani? Kijana huyu humjui.»

Nikamwachia Monsieur Luc kiti, nikamwambia asukume yeye, mimi sipandi. Kwa kazi yangu hilo ni kosa kubwa, ningeweza kurudishwa Bruxelles nikiwa sina kazi. Madame aliniangalia, akamwangalia shangazi, kisha akamwambia Luc asukume: «Luc, poussez.» Wakapanda, Padri akabaki nasi.

Nikakaa chini na shangazi, nje ya geti. Nilifikiri atalia, au atabeba kapu arudi kwake. Hakufanya hivyo. Alitandika kitambaa, akatoa mchele, akanisukuma nisogee kwa kuwa nilikuwa nimekaa mahali pabaya. Baadaye wakashuka wazee wawili wa ukoo wao. Wanafanya kazi ya kufagia huko juu, kwa hiyo wana vibali. Walikuwa wamebeba udongo wa mahali pao, umefungwa kwenye jani. Wakauweka pale nje, upande wetu wa geti, wakasema maneno yao, shangazi akasema yake, kuku akachinjwa. Padri alisimama kando, kofia mkononi.

Nikamuuliza Padri kama inaruhusiwa kufanya hivyo hapo barabarani.

«Wazee wapo,» akasema. «Dada wa baba yupo. Kinachokosekana ni nini?»

Usidhani nilitulia. Sijatulia hadi leo. Ile si haki, mama yule alistahili kupanda mlima wake kwa miguu yake, na lile geti ningelivunja kama ningekuwa na nguvu. Lakini ile kazi ilifanyika, na jioni alikula akashiba.

Mama, mwaka jana nilikuomba uvuke uje Bujumbura tuonane. Ulinijibu, «Muzazi hafwate mutoto ku mupaka. Mutoto ndiye anakuya.» Nikanyamaza kwa heshima. Leo sinyamazi. Kwetu, mjane akivua nguo za msiba, mtoto wa kwanza ndiye anayemvua, lakini anayetoa ruhusa ni dada wa marehemu. Si wewe, si mimi, wala si Bahati. Na dada yake Papa wa tumbo moja, shangazi Esta, anakaa wapi? Bujumbura. Nyumba yake ni nyumba ya Papa. Mimi na yeye tutakuwepo, na wewe ukiwepo, kinachokosekana ni nini?

Nimeongea naye kwa simu. Akasema, «Umuambie wifi yangu aache kichwa kigumu. Ndugu yangu alikufa, na kifo haikuomba viza.» Unamjua anavyosema.

Burundi si Kongo, hati yangu inaingia. Viza imeshapigwa. Ninafika mwezi wa saba na ninakaa kwa shangazi wiki mbili, binti yake Madame atashika nafasi yangu. Nimenunua kitenge cha kijani, chenye ndege wadogo weupe, na fundi wa hapa ameacha nafasi kwenye mshono kwa kuwa sijui umepungua kiasi gani. Hilo nalo linaniuma, kutojua kipimo cha mama yangu.

Nimechoka kuwa mtoto mbaya kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa na mtu asiyenijua. Nimechoka pia kusikia kwamba unavaa nyeusi kwa ajili yangu, kana kwamba mimi ndiye niliyekuvika. Mstari ule siwezi kuufuta. Uamuzi wako wewe unaweza kuubadilisha.

Nisalimie Bahati, mwambie bado ni mdogo wangu, na kama anasoma haya akiwa nyuma ya bega lako, aende akateke maji. Msalimie mke wake, ambaye najua ndiye anayekupikia kweli. Nisalimie tonton Amisi jirani yetu, aliyechimba kaburi la Papa nikiwa huku nasikiliza jembe kwa simu. Nisalimie kina mama wa kwaya, hasa wale wanaosema nimeabudu sanamu, waambie nawaombea na wao.

Sasa neno la mwisho. Ukikataa, ni haki yako, wewe ni mzazi na mimi ni mtoto. Lakini usikatae kwa simu, usimtume mtu, usinyamaze. Panda gari, vuka mpaka pale Gatumba, ingia kwa shangazi, kaa mbele yangu, kisha uniambie hapana kwa mdomo wako.

Mwanao wa kwanza,

Zawadi