Mke wa Kwenye Lori

Kasulu, Kigoma

Mama yangu, shikamoo.

Shikamoo tena, kwa niaba ya siku zote ambazo sikukuandikia. Magoti yanaendeleaje na baridi hiyo ya Bereko? Halima aliniandikia kwamba siku hizi unapanda kwenda shamba la juu bila fimbo. Nilifurahi, kisha nikaanza kushuku kwamba umemwambia aandike hivyo ili nisihangaike. Mimi ni mzima. Malaria ilinilaza kidogo, imekwisha.

Halima, wewe unayemsomea mama: soma polepole, usiruke mistari, na kama jirani ameingia kukaa, ikunje kwanza mpaka aondoke. Barua hii sikuipitisha posta. Nimempa dereva wa lori la maharage ninayemwamini, na hata yeye nimemwambia ni salamu tu.

Mama, habari iliyokufikia naijua. Kijana wa Mzee Omari alikuja huko akasema aliniona kwenye basi nimepakata mtoto, mwanamke pembeni yangu, na alimsikia mwanamke huyo akimwambia askari, "Huyu ni mume wangu." Sasa baba yake Rehema amesimamisha mambo ya posa na wewe huna la kumjibu. Aliyoyasikia kijana yule ni kweli. Aliyoyaelewa si kweli. Nisikilize nikueleze.

Shule ilipofungwa nilikuwa nimeshafunga begi la kuja nyumbani. Nilipofika stesheni ya Kigoma nikakuta watu wamelala juu ya mizigo yao. Mvua ilikuwa imekata reli huko mbele, treni haiji, na hakuna aliyejua itakuja lini. Sikutaka kurudi Kasulu kukaa peke yangu kwenye nyumba ya shule. Mwalimu mwenzangu ana shangazi yake Ujiji, Bi Zuhura, mjane mcha Mungu anayeuza vitenge. Akanipokea, akanipa chumba cha uani. Nikasema basi, mwaka huu likizo yangu ni ya ziwani, kama wanavyofanya Wazungu wa mashirika.

Na mji ule ni mzuri, mama, nisiseme uongo. Jua linawaka tangu asubuhi lakini upepo wa ziwa unalipoza. Maji ni maangavu, ukisimama ndani unaona vidole vya miguu yako. Nilikwenda bandarini kuitazama meli ya zamani ya Wajerumani ikipakia magunia. Nilikwenda kwenye jiwe la kumbukumbu la wale Wazungu wawili waliokutana Ujiji, na mlinzi akanisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyewatambulisha. Nilikwenda Kibirizi kutazama dagaa wakianikwa, mchanga wote unameremeta. Nimekula migebuka, samaki wa ziwa hilo, kwa mawese hadi mkanda ukanibana.

Lakini kote huko nilitembea nikijua kwamba natazamwa. Mji umejaa wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, na wenyeji hawajui tena nani ni nani. Na mimi, kwa urefu huu na pua hii niliyorithi kwa babu, nikipita watu wananong'ona. Sokoni Mwanga muuza ndizi mmoja alinisalimia kwa lugha ya ng'ambo, "Amahoro." Nikamjibu, "Salama tu, mama." Akacheka. "Kiswahili umejifunza vizuri, baba."

Bi Zuhura naye, siku ya kwanza tu, alikitaka kitambulisho changu cha kazi, akakisoma mbele na nyuma. Kisha akakifungia sandukuni. "Ufukweni kuna vibaka," aliniambia. "Na usizoee watu, mwanangu. Jirani huyu wa kulia anawaripoti wageni. Yule wa kushoto anawaficha. Wote wawili wamefuturu kwangu."

Kila siku nilikuwa nikienda kukaa ufukweni, upande wa Bangwe. Hapo palikuwa na mwanamke anayekaanga samaki kwenye karai, kabinti kake kanacheza pembeni. Watu walimwita Mama Neema. Siku ya kwanza alinipa samaki wa kawaida. Siku ya pili akanipa mkubwa kuliko wa wenzangu. Siku ya tatu mkubwa zaidi, na maswali juu yake.

"Mgeni, umetoka wapi?"

"Kasulu. Ni mwalimu."

"Mwalimu anakuja ufukweni bila kuoga?"

"Sijui kuogelea. Kwetu hakuna ziwa."

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka treni ije."

"Na usiku unalala kwa nani?"

Hapo nikaacha kujibu. Nilijiambia, mwanamke huyu ama ananitaka ama ametumwa. Samaki mkubwa vile hapewi mtu bure. Nilipomweleza Bi Zuhura akanikataza kabisa kula kwake. Kesho yake nikaenda nikakaa mbali, na mtoto akanifuata akanirushia maji, nikamrushia na mimi. Mama yake akamwita kwa ukali. Nikaona: kumbe naye ananiogopa. Sikuelewa kwa nini.

Lori lilikuja mchana kweupe, watu wakiwa wanaoga. Askari walishuka pande zote mbili, wakaanza kuokota watu. Hawakuuliza kwanza. Walitazama sura, wakaonyesha kwa kidole: wewe, wewe, na wewe mrefu. Nilisema mimi ni Mtanzania, mwalimu wa serikali. "Kitambulisho?" Kitambulisho kiko sandukuni kwa Bi Zuhura. Nikapandishwa.

Ndani ya lori alikuwemo bibi mmoja wa Kasingirima anayesema amezaliwa hapo hapo na kuwazika wazazi wake hapo hapo. Walikuwemo vijana wawili waliolowa, hawana hata shati. Na pembeni kabisa alikaa Mama Neema, mtoto amemkumbatia shingoni. Hakunitazama. Tulipelekwa mpaka kwenye kivuli cha ghala moja njiani, mkubwa wao akaanza kuhoji mmoja mmoja.

Zamu yangu ilipofika alinitazama kuanzia miguuni. "Sema ukweli tumalize. Umevukia wapi?"

"Sijavuka popote, afande. Mimi ni Mrangi wa Kondoa."

"Kondoa," akarudia. "Ukitoka Kondoa mjini kwenda Babati unapita wapi?"

"Unapita Kolo, unapandisha mpaka Bereko. Ndiko kwetu. Afande akiwa na koti moja tu, hapo ataazima la pili."

Mama, mtu yule alicheka! Kumbe aliwahi kufanya kazi huko. "Bereko nilitetemeka mimi mpaka meno," akasema. Akaniambia nishuke, niende zangu, na siku nyingine nitembee na kitambulisho.

Nikashuka. Miguu yangu yote miwili ilikuwa imeshakanyaga ardhi, mama, na njia iko wazi. Ndipo nikasikia nyuma yangu:

"Baba Neema! Unatuacha?"

Niligeuka. Alikuwa amesimama ndani ya lori, mtoto mgongoni, ananitazama mimi. Watu wote wakanitazama mimi. Nilipatwa na hasira, nisikufiche. Nilifikiri, kumbe ndiyo maana ya yule samaki mkubwa. Ndiyo maana ya yale maswali. Mwanamke huyu alinipanga tangu siku ya pili. Nikikubali na ikajulikana ni uongo, kazi imekwenda, na jela ipo. Nikikataa, nitakuwa nimesema kweli tupu mbele ya Mungu na serikali.

"Huyu ni nani wako?" mkubwa akaniuliza. Cheko lilikuwa limekwisha usoni.

Nikamwona mtoto. Alikuwa ananipungia mkono, kwa sababu, mbali na mama yake, mimi ndiye mtu pekee aliyemjua pale.

"Mke wangu," nikasema.

"Mbona hukumsema?"

"Niliogopa, afande."

"Jina lake?"

Sikulijua, mama. Mpaka leo, jina alilopewa na baba yake silijui. "Mama Neema," nikajibu.

"Nimekuuliza jina."

"Kwetu mwanamume hamtaji mkewe kwa jina mbele za watu. Nikimtaja hapa, leo hakuna chakula."

Mmoja wa askari akaguna kama anayetaka kucheka. Mkubwa hakucheka. Akamwendea mtoto, akamshika kidevu taratibu. "Huyu ni nani?"

Mtoto akanitazama, akajibu kwa sauti kubwa, "Mwarimu!"

Alisema kama wanavyosema watu wa ng'ambo.

"Mwarimu," mkubwa akarudia, akiikokota ile r. "Mtoto anamwita baba yake mwarimu?"

"Mtoto wa mwalimu anatuita anavyosikia wenzake wakituita. Na lugha ameichukua Kasulu, afande. Njoo darasani kwangu, Waha wote wananiita hivyo hivyo."

Alinitazama muda mrefu. Mama, mimi naamini alijua. Sina hakika, lakini nilivyomwona, alijua kila kitu, akawa anapima tu kama nitageuka. Mwishoni akasema, "Mwalimu, mchukue mkeo. Uende naye huko Kasulu. Nikimkuta tena anakaanga samaki hapa peke yake, nitawatafuta wote wawili."

Tuliondoka tumeongozana, yeye nyuma yangu, mpaka njia ilipokata kona. Hapo nikamgeukia. "Nani amekutuma kwangu?"

Akaanza kulia na kucheka pamoja. "Wewe ndiye nilidhani umetumwa! Mwanamume anakaa ufukweni kutwa, haogi, hana mwenzake, anatazama tu. Nilijua ni askari kanzu. Zile samaki nilikuwa nakuhonga."

"Mbona ukaniita basi?"

"Nilipoona na wewe umepandishwa, nikajua wewe si mmoja wao."

Tulikaa juu ya jiwe, akanieleza. Mumewe alirudi ng'ambo kumtoa mama yake mzazi, akasema atapitia Kagunga na mashua itamleta mpaka mjini. Basi yeye akatoka kambi ya wakimbizi akaja kukaanga samaki mahali anapoweza kuona kila mashua inayoingia. Akirudi kambini, alisema, mume atashuka akose wa kumpokea. Akibaki, watamwokota. Nilisikiliza, na nusu ya moyo wangu bado ilikuwa inamshuku. Niliuliza jambo lile lile mara mbili, kwa njia mbili, kama nilivyomwona yule mkubwa akifanya. Nilijionea aibu, lakini niliuliza.

Nilimpeleka kwa Bi Zuhura. Alimtazama, akanitazama, akavuta khanga akafunika mdomo. Nilidhani atatufukuza. Akamwambia, "Rudi kambini na mtoto, huko una chakula na kibanda. Mumeo mwachie mimi. Nitakuwa nikiulizia Kibirizi, mashua zinakoshusha watu. Akija mtu anakutafuta, nitamhoji mpaka atokwe jasho, ndipo nimweleze. Mimi simwamini mtu."

Kesho yake tulipanda basi la Kasulu watatu. Pale Kidahwe tulikuta kizuizi. Askari aliingia, akaanza kuuliza mstari kwa mstari, na alipofika kwetu Mama Neema hakusubiri. "Huyu ni mume wangu," akasema, akaniwekea mtoto magotini. Ndipo kijana wa Mzee Omari, aliyeketi nyuma, akaona na kusikia. Nilimwona akishuka Kidahwe na begi lake. Nilitaka kumwita nimweleze, nikashindwa: ningemwelezaje mbele ya askari?

Kwenye njia panda ya kambi walishuka. Mtoto alikuwa amelala, hakuaga. Mama yake alishika mlango wa basi akasema, "Mungu akupe mke, mwalimu, wa kweli," na abiria wakatazamana. Basi likaondoka. Mpaka ninapoandika, Bi Zuhura hajaniletea habari ya mtu yeyote aliyeshuka Kibirizi akimtafuta Mama Neema.

Sasa, mama, nenda mwenyewe kwa baba yake Rehema, usimtume mtu. Mweleze yote kwa mdomo, barua hii usimpe. Akiuliza kwa nini mwanao alimwita mke mwanamke asiyemjua hata jina, mwambie aliulizwa mbele ya lori na hakupata jibu lingine analoweza kuishi nalo. Akiona hilo ni kosa la kuvunja posa, basi avunje, nami sitamlaumu. Ila Rehema na asikie yeye mwenyewe kabla baba yake hajaamua. Simwombi anihurumie. Naomba tu ajue mtu anayeolewa naye ni wa namna gani.

Nisalimie mjomba Hamisi fundi cherehani, na shangazi anayekuuzia maziwa. Mwambie bibi mzaa baba kwamba ile dawa ya kifua nimeimaliza. Halima, shikilia masomo, na ukimaliza kusoma, barua hii ichome.

Mama, sijaoa. Lakini siku ile, kama yule mkubwa angeniuliza tena na tena, ningeendelea kumjibu vile vile.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Issa