Dawa Yenye Kileo Niliyomficha Mama Mkwe

Mpendwa Mshauri Graciela,

Nakuandikia nikiwa kwenye cherehani hapa mjini Pelileo, na nina furaha kwa sababu binti yangu Nayeli, wa miaka miwili, amepona na sasa hivi anawafukuza simbilisi wa bibi yake uani, lakini furaha yenyewe ina mwiba. Mwezi uliopita alibanwa kifua, daktari akampa dawa ya maji ya steroidi ya siku tano ili kupunguza uvimbe kwenye njia ya hewa, na mama mkwe wangu, Doña Zoila, ambaye pombe ya miwa ilimuulia mume na haruhusu hata tone nyumbani, siku ya pili aliifungua chupa akanusa, akanionyesha maandishi madogo ubavuni, na kweli yalisema ina kileo. "Magaly, mwanangu, unamlewesha mjukuu wangu?" akaniuliza kwa upole kabisa, na kabla sijajibu alikuwa ameshaimwaga kwenye sinki, nami sikununua nyingine kwa kuwa hofu ilikuwa imeniingia hata mimi.

Kesho yake asubuhi mbavu za mtoto zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, nikakimbia naye kliniki, wakamvutisha dawa ya mvuke, daktari akauliza kama amekunywa dozi zote, nikaitikia ndiyo kwa aibu, akaandika ileile tena, nami nikaificha karakanani kwangu chini ya suruali za jinzi ninazoshona na kumpa kwa kijiko kila mchana mpaka siku zikaisha. Sasa mama mkwe amesimama kanisani na kushuhudia kwamba Nayeli aliponywa kwa maombi na mvuke wa mkaratusi bila dawa ya hospitali, watu wakaitikia amina, na mama mmoja kati yao ana mtoto anayebanwa vilevile. Mama ananipenda, ndiye anayenilelea mtoto nikishona, na mume wangu Wilmer anasema, "Achana nayo, nyumba imetulia." Je, nimemdhuru mwanangu? Na nimwaibishe mama?

Magaly

Magaly,

Kwanza pumua. Nimemuuliza mfamasia ninayemwamini. Baadhi ya dawa za maji huwekewa kileo ili dawa yenyewe iyeyuke, na kwa siku chache, kwa kipimo cha daktari, mara nyingi mtoto hupata kidogo sana. Anayekimbiza wanyama uani hajaharibika. Lakini chupa hazilingani, nyingine zina kileo kingi, na kwa mtoto mdogo ni bora kutafuta isiyo nacho. Kwa hiyo mama mkwe wako alikuwa na swali zuri. Kosa lake ni kulijibu mwenyewe kwenye sinki.

Wewe nina ugomvi nawe. Ulimdanganya daktari. Angeweza kuamini dawa imeshindwa, akampa kali zaidi mtoto ambaye hakuwa ameimeza. Na kijiko cha jikoni si kipimo. Omba bomba dogo la kupimia, hutolewa dukani pamoja na dawa.

Wilmer anasema nyumba imetulia. Ya yule mama wa kanisani je? Leo anaweza kumwaga dawa ya mwanawe kwa sababu ya ushuhuda ambao wewe unajua si kamili. Hapo hakuna tena suala la kumwaibisha mtu.

Mwambie mama mkwe wako leo, mkiwa wawili tu, na uanze na kosa lako: "Mama, ulikuwa na haki ya kuuliza, mimi nilikosea kukuficha. Nayeli alikunywa dawa mpaka mwisho." Atanuna. Mwache anune, mpikie, kaa karibu naye. Maombi yake usiyaguse. Aliomba na mtoto akapata dawa, na hakuna anayemnyang'anya hilo. Kisha mwende kwa yule mama wa kanisani kabla ya ibada ijayo, mkamweleze ukweli. Doña Zoila akikataa, nenda peke yako.

Rudi kwa daktari umwambie kuhusu dozi zilizomwagwa. Uliza kama Nayeli akibanwa tena kuna dawa isiyo na kileo, au kidonge cha kusagwa kwenye tunda. Usikatishe dawa njiani bila kumuuliza. Na mtoto akilegea au kuyumba baada ya kunywa, au mbavu zikiingia ndani, usimngoje mtu, mpeleke hospitali.

Siku ya kurudi kwa daktari nendeni na Doña Zoila. Mtoto mbebe wewe. Maswali aulize yeye.

Graciela